Usingizi Si Uvivu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Leo tutazungumza juu ya usingizi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: USINGIZI. Wanafunzi, lisomeni pamoja naye: u-si-ngi-zi. Ahsanteni.

Watu wengi humsifu mtu asiyelala. Husema, "Bwana yule ni hodari, usingizi wake ni kidogo tu." Na yule anayelala mapema huambiwa kuwa ni mvivu. Basi leo tutazame kama maneno hayo ni ya kweli.

Kwanza, mwili hufanya nini tunapolala? Wengine hudhani kuwa mwili hukaa bure, kama jembe lililoegemezwa ukutani. Sivyo. Mtu akiwa katika usingizi mzito, moyo wake hupiga polepole na nguvu ya msukumo wa damu hupungua. Hivyo moyo na mishipa hupata nafasi ya kupumzika. Mwili hutengeneza sehemu zilizochoka. Watoto hukua. Na akili huyapanga yale yaliyojifunzwa mchana, ili yasipotee.

Jambo hili la mwisho lawahusu ninyi hasa. Ninyi hulima mchana, kisha mnakuja darasani jioni. Herufi mliyojifunza leo hukaa vizuri zaidi kichwani mkiisha kulala. Kwa hiyo msikeshe na kitabu mpaka usiku wa manane. Someni kidogo, laleni, kisha mrudie asubuhi.

Je, mtu alale kwa muda gani? Mtu mzima ahitaji muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Akilala saa 4 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, amepata saa 7. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Mtoto anayesinzia shuleni si lazima awe mjinga. Mwulizeni kwanza alilala saa ngapi.

Sasa tutazame hasara. Mwishoni mwa mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani, Randy Gardner, mwenye umri wa miaka 17, alianza jaribio la kukaa macho. Alikaa hivyo siku 11, mpaka Januari 1964, huku akitazamwa na mtaalamu wa usingizi. Alikuwa mwepesi wa kukasirika, na kumbukumbu ikapungua. Siku ya mwisho aliambiwa ahesabu kwa kutoa saba saba kuanzia 100. Mwalimu, andika ubaoni: 100, 93, 86, 79, 72, 65. Kijana alipofika 65 akanyamaza. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kuwa amesahau alilokuwa akilifanya. Tafadhali, mtu yeyote asilijaribu jambo hilo.

Wengi wetu hatukeshi siku 11. Sisi hupunguza usingizi kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, miaka mingi. Madhara yake huja polepole. Watu wanaolala muda mfupi kwa miaka mingi hupatwa zaidi na presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, unene wa kupita kiasi na huzuni nzito. Tena mwili hushindwa kujikinga. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watu 164 waliokubali kutiwa puani vijidudu vya mafua. Wale waliokuwa wakilala chini ya saa 6 waliugua mafua mara nne zaidi kuliko wale waliolala zaidi ya saa 7.

Yapo madhara mengine ambayo hayangoji miaka. Tufikiri juu ya dereva wa lori. Ameamka saa 10 alfajiri. Amepakia mahindi katika soko la Kibaigwa, na sasa yuko njiani kwenda Singida. Ikifika saa 3 usiku, amekaa macho kwa saa 17. Mwaka 2000 wataalamu wa Australia na New Zealand walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho muda wa saa 17 hadi 19, katika baadhi ya majaribio, hufanya kazi vibaya sawa na mtu aliyekunywa pombe kwa kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva asiendeshe gari. Na bwana huyu hakuonja hata tone moja.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, na dereva akapitiwa na usingizi kwa sekunde 4 tu, gari litakwenda karibu mita 90 bila mtu wa kuliongoza. Katika miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha nchini Tanzania. Mwaka 2023 yaliruhusiwa tena. Basi abiria, ukimwona dereva anapiga miayo na gari linayumba, usione haya. Mwambie kwa heshima, "Ndugu dereva, tusimame upumzike." Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa ya usingizi ni kulala.

Najua mtauliza: "Mwalimu, sote tukilala, nani atalinda shamba na mifugo?" Swali hilo ni zuri. Jibu tutalipata karibu na kwetu, kwa Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Singida. Mwaka 2017 wataalamu, wakiwamo Watanzania, walieleza jinsi walivyopima usingizi wa watu wazima 33 wa kabila hilo kwa siku 20. Katika siku zote hizo, ule wakati ambao watu wote 33 walikuwa wamelala pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, na wazee waliamka mapema. Hivyo karibu kila wakati alikuwapo mtu aliye macho, wala hakuna mmoja aliyekesha usiku mzima kwa ajili ya wengine.

Nasi tufanye hivyo kwa kupanga zamu. Anayelinda shamba mpaka usiku wa manane ampishe mwenzake. Safari ndefu ipewe madereva wawili. Na mama mwenye mtoto mchanga asiachiwe kazi yote. Mtoto akilala mchana, mama naye alale, na baba au bibi achote maji na kupika. Mama huyo si mvivu.

Yafaa tukumbuke pia mambo haya. Lala na kuamka saa zile zile kila siku. Usinywe kahawa wala chai kali jioni. Pombe humlaza mtu upesi, lakini humwamsha katikati ya usiku. Weka simu mbali na kitanda. Tumia chandarua. Katika baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma, usilale na jiko la mkaa chumbani, maana hewa yake huua. Na mtu anayekosa usingizi kwa majuma mengi, au anayekoroma na kukabwa pumzi usingizini, aende zahanati. Asinunue vidonge vya usingizi bila kuambiwa na mganga.

Sasa, wanafunzi, jadilianeni maswali haya:

1. Nyumbani kwako nani hulala kidogo kuliko wote? Kwa sababu gani?
2. Ni kazi gani ya usiku kijijini kwenu inayoweza kufanywa kwa zamu?
3. Dereva aliyeamka saa 11 alfajiri atakuwa amekaa macho saa ngapi ikifika saa 5 usiku?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, kisha mlale mapema. Kwaherini.