Nyota Mbele ya Hakimu: Mwalimu wa Sheria na Sinema za Kale za Hollywood



Katika ripoti za sheria za Uingereza za mwaka 1937 imo kesi ambayo kila aliyesoma mikataba chini ya mfumo tuliourithi kwa Mwingereza ameipitia, au alipaswa kuipitia: Warner Brothers dhidi ya Nelson. Wanafunzi huchukua kanuni yake, huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hugeuza ukurasa. Ni wachache wanaouliza huyo Bibi Nelson alikuwa nani. Nelson lilikuwa jina la mumewe. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Bette Davis.

Desturi inataka profesa mpya, katika hotuba yake ya uzinduzi, aeleze utafiti wake. Mimi nimeomba ruhusa ya kueleza mapenzi yangu, nayo ni sinema za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940. Nimefundisha mikataba mchana na kutazama filamu hizo usiku kwa muda mrefu, nikidhani ni mambo mawili mbalimbali. Siyo. Nyota wale tunaowaona wakielea katika mwanga walikuwa waajiriwa, na mikataba yao ilibana kuliko ya karani wa bandari. Anayetaka kuwapenda inavyostahili na awaone kwanza wakiwa kazini.

Mkataba wenyewe ulikuwa hivi. Studio kubwa kama MGM, Paramount na Warner Bros. zilimfunga mwigizaji kwa miaka saba. Haki ya kuendelea au kuachana ilikuwa ya studio peke yake. Mwigizaji hakuwa na mlango wa kutokea. Studio ilimchagulia filamu. Mara nyingi ilimchagulia hata jina: jina la Joan Crawford lilitokana na shindano la wasomaji wa gazeti, mwenyewe akiitwa Lucille LeSueur. Ilikuwa na haki ya kumwazima kwa studio nyingine na kutia faida mfukoni. Akikataa nafasi aliyopewa, alisimamishwa bila mshahara, na siku alizosimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hesabu hiyo, miaka saba haikuwa na mwisho unaojulikana.

Bette Davis alikuwa na Oscar mkononi mwaka 1936, lakini Warner waliendelea kumpa hadithi hafifu. Akakataa, akavuka bahari kwenda Uingereza kufanya filamu na mtayarishaji mwingine. Warner wakamfuata hadi mahakamani London. Jaji Branson alisema jambo ambalo nimelieleza darasani mara nyingi bila kuridhika nalo: mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kutumikia mkataba wa kazi yake binafsi, ila inaweza kumzuia asiifanye kazi hiyo kwa mwingine. Ati hiyo si kulazimisha, kwa kuwa mwanamke mwerevu kama yeye angeweza kujipatia riziki kwa shughuli nyingine. Hebu mfikirieni Bette Davis akiuza kofia dukani! Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikuja kuitilia shaka hoja hiyo katika Warren dhidi ya Mendy, mwaka 1989. Kwa Davis ilikuwa imechelewa mno. Alishindwa, akarudi kwenye studio za Warner huko Burbank.

Hapa ndipo shabiki na mwanasheria ndani yangu wanapogombana. Baada ya kumshinda, Warner walianza kumpa hadithi nzuri. Jezebel ya mwaka 1938 ilimpa Oscar ya pili. Mwaka 1940 ikaja The Letter, chini ya mwongozaji William Wyler, na kwangu mwanzo wa filamu ile haujapata mpinzani. Ni usiku katika shamba la mpira huko Malaya. Utomvu unadondoka, vibarua wamelala, mwezi umetanda. Mlio wa bastola unapasua kimya, mwanamume anatoka barazani akipepesuka, na nyuma yake anamfuata mwanamke aliyevaa vizuri, anammiminia risasi mpaka bastola inaishiwa. Kisha kamera inamkaribia usoni. Uso ule hauna hasira wala hofu. Ni uso wa mtu aliyemaliza kazi. Waigizaji wengi wangelia. Davis anatuachia sisi tuhangaike.

Basi, je, kiwanda, yaani mfumo huo wa studio, kilikuwa sahihi? Kuna wanaosema hivyo, na wana ushahidi: Casablanca ya mwaka 1942 ilitengenezwa na kiwanda hichohicho cha Warner, kwa watu wengi waliokuwa kwenye orodha ya mishahara yake. Sitaki kuwabishia kwa nadharia. Nawapeleka kwenye kesi ya pili.

Olivia de Havilland alijiunga na Warner mwaka 1934 akiwa msichana wa miaka 18. Mmemwona, hata kama hamjui jina: ndiye binti mrembo katika filamu ya Robin Hood, pembeni ya Errol Flynn, mwaka 1938. Walipangwa pamoja katika filamu nane, naye karibu kila mara kazi yake ilikuwa kuokolewa. Alipoanza kukataa nafasi hizo alisimamishwa, na mwaka 1943, miaka saba ya mkataba wake wa mwaka 1936 ilipotimia, akaambiwa bado anadaiwa kama miezi sita. Wengine walinung'unika wakalipa deni hilo. Yeye alifungua kesi. Sheria ya California ilikataza mkataba wa kazi binafsi kutekelezwa kwa nguvu kupita miaka saba. Warner walidai maana yake ni miaka saba ya kufanya kazi, wakili wake akajibu kuwa ni miaka saba ya kalenda. Wakati shauri likiendelea, Jack Warner, mkuu wa studio ya Warner, aliziandikia studio nyingine zisimwajiri. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo mji ule ulivyoendeshwa. Kwa takriban miaka miwili mwigizaji maarufu hakusimama mbele ya kamera za filamu.

Desemba 1944 mahakama ya rufani ya California iliamua kwamba mwaka ni mwaka. Kifungu hicho hadi leo watu huko hukiita sheria ya De Havilland, na wanamuziki wamekuja kukitumia dhidi ya kampuni za rekodi.

Mwanasheria angeishia hapo. Shabiki anauliza: huo uhuru aliufanyia nini? Alicheza To Each His Own mwaka 1946, akapata Oscar. Kisha aliona tamthilia moja jijini New York, akamwendea William Wyler, yuleyule wa The Letter, akamshawishi waifanye filamu. Ndiyo The Heiress ya mwaka 1949. Catherine Sloper ni binti wa daktari tajiri, si mrembo, mwenye haya. Baba anamdharau, na kijana anayemposa, anayechezwa na Montgomery Clift, anautaka utajiri wake. Usiku waliopanga kutoroka, kijana hatokei. Catherine anapanda ngazi na sanduku lake. Wyler alimrudisha apande tena na tena hadi De Havilland akalirusha sanduku kwa hasira, na hapo mwongozaji akatambua kuwa lilikuwa tupu. Likajazwa vitu vizito. Sasa itazameni picha ile: uchovu wa mkono, bega lililoinama, kila ngazi ni mlima. Miaka inapita, kijana anarudi kubembeleza. Catherine anaagiza mlango ufungwe kwa komeo, anachukua taa, anapanda ngazi zilezile polepole huku nje mtu anagonga na kuita jina lake. Mwigizaji aliyekaa miaka akiokolewa na wanaume hapa hamhitaji mwokozi yeyote. Hakuna ofisa wa studio aliyemchagulia hiyo. Alijichagulia.

Alikwisha kupanda ngazi maarufu kabla ya hapo, na hakuwa peke yake. Katika Gone with the Wind ya mwaka 1939, yeye na Hattie McDaniel wanapanda pamoja huku McDaniel akisimulia kwa kilio msiba uliolikumba jumba. Wote wawili waligombea Oscar ileile ya mwigizaji msaidizi, na McDaniel akashinda, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Usiku wa tarehe 29 Februari 1940, katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Kwenye uzinduzi wa filamu mjini Atlanta hakuwapo kabisa. Ubaguzi wa Georgia haukumruhusu. Wapo waliomlaumu kwa kucheza mtumishi filamu baada ya filamu. Lawama hizo nazielewa, lakini ninapotazama ngazi zile naona msanii aliyepewa kipande kidogo cha hadithi akakifanya kiwe kizito kuliko kilichokizunguka.

Naye alifika mahakamani, jambo ambalo vitabu vingi vya sinema hulipita. Alinunua nyumba West Adams, Los Angeles. Majirani weupe walimshtaki yeye na wenzake weusi kwa kutumia sharti lililoandikwa kwenye hati za viwanja: wasio weupe wasikae humo. Desemba 1945 jaji aliitupa kesi yao akitegemea Katiba. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia msimamo wa namna hiyo mwaka 1948, katika Shelley dhidi ya Kraemer.

Wanafunzi wangu, hukumu ya De Havilland mtaisoma, maana iko kwenye mtaala wenu. Nawaomba kitu kimoja: itazameni The Heiress kwanza, ndipo mfungue faili.