Hofu na Jicho la Jirani
(Maneno yaliyosemwa Kibiti, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nilipoombwa nizungumze juu ya hadithi fupi za kutisha za Wazungu wa kale, mwenzangu mmoja aliniuliza, "Siku ya furaha, watu wamekula pilau, wewe unakuja kuwasimulia habari za maiti?" Nikamjibu kwamba sisi watu wa Kibiti na Rufiji hatuna haja ya kuletewa hofu kutoka Ulaya, yetu yatutosha. Haja yetu ni kuijua tabia yake, na hadithi hizo zinaieleza vizuri sana.

Aina hii ya hadithi huitwa za Kigothi. Ilianza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa riwaya yake ya ngome ya Otranto, yenye majumba ya giza na mizimu. Baadaye Edgar Allan Poe wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1809 na kufa mwaka 1849, aliichukua hofu hiyo akaiweka katika hadithi fupi, za kusomwa mara moja bila kusimama. Akafanya na jambo jingine kubwa zaidi: aliitoa hofu katika kuta za ngome akaiingiza ndani ya kichwa cha mtu. Nitataja hadithi zake tatu tu.

Ya kwanza ni ya mwaka 1839, juu ya nyumba ya ukoo wa Usher. Mwenye nyumba, Roderick, ni mgonjwa wa hofu. Anasema kwamba haogopi hatari yenyewe. Anaogopa hofu itakayomjia. Dada yake anazikwa kabla hajafa, na mwisho nyumba nzima inapasuka na kuzama katika ziwa lililo mbele yake. Nikiisoma hadithi hii huikumbuka meli ya Wajerumani, Königsberg. Baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikimbilia katika delta yetu ikajificha kati ya mikoko. Ilikaa humo miezi mingi, mabaharia wakiugua malaria, wakijua kwamba adui anawangoja baharini. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa sana, na mabaharia wake wenyewe wakaimalizia. Mabaki yake yalionekana kwa miaka mingi, yakididimia kidogo kidogo, mpaka tope likayameza. Poe hakupata kuiona Rufiji, lakini kungojea kwa namna ile alikujua.

Ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Ni ya mwaka 1843, na jina lake ni The Tell-Tale Heart, yaani moyo usioweza kuficha siri. Kijana anaishi na mzee. Anasema anampenda, hajamkosea lolote, wala haitamani dhahabu yake. Tatizo ni jicho la mzee: rangi yake ni buluu iliyofifia, lina utando, linafanana na jicho la tumbusi. Usiku saba mfululizo kijana anachungulia chumbani kwa mzee, na usiku wa nane anamuua na kumficha chini ya mbao za sakafu. Polisi watatu wanakuja, anawakaribisha kwa maneno matamu. Kisha anausikia moyo wa mzee ukidunda chini ya sakafu, wazidi kudunda, mpaka anapiga kelele na kukiri mwenyewe.

Jambo la kuangaliwa ni hili. Tangu mstari wa kwanza kijana huyu anatuhakikishia kwamba yeye si mwendawazimu, na ushahidi wake ni jinsi alivyopanga mambo kwa uangalifu. Ndivyo wazimu wa hofu ulivyo. Mwenye kuwa nao hajioni mgonjwa. Hujiona mwerevu kuliko wenzake, aliyegundua ubaya uliomo katika jicho la mwingine.

Vijana, msidhani haya ni ya Marekani tu. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, wamekufa akina mama wazee kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulikuwa wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Aliyeua aliona uchawi. Jicho la tumbusi na jicho la bibi kizee ni hadithi moja.

Na huku kwetu je? Wengi wetu tumelala dunguni tukilinda mpunga na mahindi. Mnajua usiku wa dunguni ulivyo: nguruwe anakoroma shambani, halafu ghafla kimya, na kimya kile ndicho kinachotisha. Tangu mwaka 2002 hadi Aprili 2004 simba mmoja wa Rufiji, aliyepewa jina la Osama, alilaumiwa kwa vifo vya watu zaidi ya 30. Simba anapoua hivyo, maneno huanza: huyu si simba wa Mungu, huyu ana mwenyewe. Na swali la "simba wa nani?" likishaulizwa, halikosi kupata jina la mzee fulani anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Basi simba yule alipouawa Aprili 2004, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Alikuwa mgonjwa wa jino. Mwaka 2005 wataalamu walitoa hesabu kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na kwamba hatari ilikuwa kubwa mahali penye nguruwe wengi na wanyama wengine wachache, kwa kuwa simba humfuata nguruwe hadi shambani alikolala mlinzi. Sababu ilikuwa nguruwe. Mzee wa mwisho wa kijiji hakuwa na lake.

Hadithi ya tatu, ya mwaka 1842, ni ya kifo. Mtawala Prospero anaona ugonjwa unaua watu wake. Anajifungia katika jumba pamoja na rafiki 1,000, wanayaziba malango kwa chuma, wanacheza ngoma. Usiku wa manane anatokea mgeni aliyevaa kama maiti, na mgeni huyo ndiye ugonjwa wenyewe. Malango hayakusaidia kitu.

Sisi pia tumejifungia. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari 8 kwa siku moja. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika juu ya mauaji hayo, alitoweka hapa Kibiti Novemba 2017. Baadhi yenu vijana mlikuwa wadogo, lakini nadhani mnakumbuka milango kufungwa kabla ya giza. Sisi watu wazima tunakumbuka zaidi ya hapo. Tunakumbuka jinsi tulivyotazamana. Mtu alimwamkia jirani yake wa miaka 20 huku akijiuliza, huyu yuko upande gani? Na mimi nilijiuliza hivyo juu ya mtu aliyenisaidia kumzika mama yangu. Sikumtendea ubaya, lakini jicho langu lilikwisha kumhukumu, na hata leo naona haya nikipeana naye mkono.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka si kosa. Kosa ni kuukatakata ung'ongo huku ukiapa kwamba umeua nyoka.

Waandishi wetu wamelijua jambo hili. Ebrahim Hussein katika mchezo wa Mashetani, mwaka 1971, na Euphrase Kezilahabi katika Kichwamaji, mwaka 1974, wamewaonyesha watu wanaosumbuliwa na vichwa vyao wenyewe. Wasomeni pamoja na Poe. Na mkisoma hadithi yoyote ya kutisha, msiishie kuuliza mzimu ni nani. Ulizeni anayesimulia anaogopa nini, na je, tumwamini?

Hofu itawajia tena, maana mto na msitu bado vipo, na watu pia bado wapo. Siku hiyo, kabla hujalitazama jicho la jirani, lipime kwanza la kwako.