Kupoza Maji ya Tangi la Samaki Nyumbani: Lipi la Kujitengenezea, Lipi la Kuepuka



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo: namna ya kupoza maji ya tangi la samaki wa mapambo kwa kifaa cha kujitengenezea nyumbani. Hata hivyo, ndani yake yamekutana mambo matatu ambayo ofisi yetu huyashughulikia kila siku, nayo ni usalama wa umeme, fedha ya mnunuzi na ahadi ya fundi.

Tuanze na shauri lililotufikia. Mzazi mmoja, mkazi wa Dar es Salaam, alikuwa na tangi la lita 60 sebuleni, na ndani yake samaki wa dhahabu wa binti yake. Msimu wa joto ulipowadia, samaki wale wakaanza kutweta juu ya maji. Kipoza maji cha dukani kilimshinda bei. Fundi mmoja akamuuzia kifaa alichokibuni mwenyewe: friji dogo kuukuu lililotobolewa ubavuni, mpira mrefu ukaviringishwa ndani yake, na pampu ikawa inayazungusha maji ya tangi kupitia humo. Siku tatu zikapita maji yakiwa na joto lile lile. Usiku wa nne binti aligusa maji huku mkono wa pili ukiwa juu ya friji, akapigwa shoti. Tunamshukuru Mungu kwamba aliweza kuuondoa mkono wake. Mzazi alifika kwetu akiwa na swali moja: “Nimdai nani?” Hakuwa na risiti wala maandishi yoyote.

Hatukuja kuwakataza kujitengenezea vitu. Wazee wetu walipoza maji ya kunywa kwa mtungi wa udongo bila umeme wowote, na somo la mtungi ule ndilo tutakalolitumia leo. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kutafuta baridi tulipime joto, na kwamba umeme wa ukutani usipewe nafasi yoyote ya kukutana na maji.

Je, samaki wako anahitaji kupozwa?

Fedha nyingi hupotea kwa kutibu ugonjwa usiokuwapo. Samaki wengi wanaouzwa mijini kwetu, kama vile gapi, moli na beta, ni wa nchi za joto, na maji ya nyuzi joto 24 hadi 28 huwafaa. Samaki wa dhahabu yu tofauti. Yeye hupenda maji ya nyuzi joto 18 hadi 23 hivi, na katika miji ya pwani hupata shida miezi mingi ya mwaka. Ni vyema mnunuzi aulize jambo hili dukani kabla ya kulipa. Kuchagua samaki anayelingana na hali ya hewa ya nyumba yako ni nafuu kuliko kipoza maji chochote.

Joto huwadhuru samaki kwa njia mbili kwa pamoja. Maji yanapopata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi: kwenye nyuzi joto 20 lita moja ya maji yasiyo na chumvi huweza kubeba miligramu 9 hivi, na kwenye nyuzi joto 30 hushuka hadi miligramu 7.5 hivi. Wakati huo huo mwili wa samaki huenda mbio na kudai oksijeni nyingi zaidi. Ndiyo maana hutweta juu ya maji. Lakini maji machafu nayo huleta dalili hiyo hiyo. Basi nunua kipimajoto kwanza, upime asubuhi, alasiri na usiku kwa juma zima. Ondoa tangi kwenye jua la dirishani, punguza saa za kuwasha taa, na ongeza pampu ya hewa. Mara nyingi hatua hizi huondoa haja ya kutengeneza chochote.

Hesabu ya joto

Kama haja bado ipo, tufanye hesabu. Tangi la lita 60 tunalotaka libaki nyuzi 3 chini ya joto la chumba hupokea joto mfululizo kupitia vioo vyake, na pampu na taa huongeza lao. Kwa makadirio, jumla hufikia wati 25 hadi 30, mchana na usiku. Kifaa chochote kisichoweza kuondoa kiasi hicho kwa saa 24 hakitalipoza tangi hilo, hata kingekuwa baridi kiasi gani ukikigusa.

Hapa ndipo mtungi unapoingia. Maji hupenya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua kilojuli 2,400 hivi, kiasi ambacho karibu kinatosha kuondoa joto lote la siku nzima katika tangi tulilolitaja. Kwa maneno mengine, tukifanikiwa kuvukiza takriban lita moja kwa siku kutoka kwenye tangi, tumepata kipoza maji.

Kifaa tunachokipendekeza: feni ndogo

Vifaa vinavyohitajika ni feni moja au mbili za volti 12, za aina inayotolewa kwenye kompyuta. Adapta ya volti 12 yenye uwezo wa angalau ampea 1. Kipande cha wavu wa plastiki. Na vipande vya mbao au plastiki vya kushikilia. Vyote hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme, na feni hata kwa mafundi wa kompyuta.

Kwanza, ondoa kifuniko cha kioo na uweke wavu mahali pake, ili samaki wasiruke nje na feni isiweze kutumbukia. Pili, funga feni kwenye ukingo wa tangi kwa skrubu, ikiinamia uso wa maji kwa mshazari. Isikae imelala juu ya maji, kwa kuwa mvuke utaiharibu upesi. Tatu, unganisha nyaya za feni na za adapta kwa kiunganishi cha skrubu, ukiacha maungio hayo mbali na maji na yakiwa yamefunikwa. Nne, washa na upime joto kila baada ya saa moja katika siku ya kwanza. Joto lishuke polepole, kwani mshtuko wa ghafla huwaumiza samaki kuliko joto lenyewe.

Tusiahidi kupita kiasi. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, tarajia kushusha nyuzi 2 au 3 tu. Katika miji ya bara yenye hewa kavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi, matokeo huwa bora zaidi. Feni haitayafikisha maji ya Dar es Salaam kwenye nyuzi joto 20, na muuzaji anayeahidi hivyo aulizwe maswali.

Kumbuka pia kuongeza maji yanayopungua kila siku. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwenye ndoo siku moja, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kwa kuwa mvuke huondoka na kuacha chumvi nyuma, endelea kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Kujazia peke yake hakutoshi.

Barafu: msaada wa dharura

Wengi huuliza kuhusu chupa za maji zilizogandishwa. Chupa ya nusu lita hushusha joto la tangi la lita 60 kwa nyuzi 1 hivi. Ni msaada mzuri umeme unapokatika, au katika siku moja yenye joto kali. Lakini ukitaka barafu ifanye kazi yote, utahitaji chupa kama 10 kila siku, na friza italazimika kuzigandisha upya kwa umeme unaoulipia. Chupa iwe imefungwa vyema, na uziweke moja moja.

Vifaa vitatu tunavyovitahadharisha

Cha kwanza ni friji lililotobolewa, kama lile la mzazi wetu. Hewa ya ndani ya friji hupokea joto kutoka kwenye mpira wa plastiki polepole mno, na mota iliyoundwa kufanya kazi kwa vipindi hulazimika kuzunguka bila kupumzika. Kibaya zaidi, kutoboa ubavu ni kubahatisha, kwa sababu ndani yake huweza kupita mabomba ya gesi. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya aina ya R-600a, ambayo huwaka moto; alama ya pembetatu yenye mwali huwekwa kwenye friji hizo kuonya. Msikubali friji kutobolewa wala gesi yake kufunguliwa nyumbani.

Cha pili ni vibamba vya umeme vinavyopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Kibamba kimoja cha kawaida cha volti 12 hula takriban wati 60, na aghalabu huondoa joto dogo kuliko umeme kinaoula. Feni ya upande wa moto ikifa, joto hurudi ndani ya maji.

Cha tatu ni bomba la shaba. Ni kweli kwamba shaba hupitisha joto vyema, lakini ikiyeyuka kidogo kidogo majini huua kamba wadogo na konokono, na ikizidi huwadhuru samaki pia.

Umeme na maji

Juu ya tangi pasiwepo kifaa cha volti 230 kinachoweza kuanguka. Feni kubwa ya mezani isiwekwe ukingoni. Adapta na soketi viwe pembeni na juu zaidi ya usawa wa maji, wala visiwe chini ya tangi. Waya wa kila kifaa ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande kwenye plagi, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni kabla ya kufika kwenye umeme. Plagi ya vifaa vidogo iwe na fyuzi ya ampea 3. Ile ya 13 huchelewa kukatika. Mwombeni fundi wa umeme mwenye leseni ahakikishe kwamba waya wa ardhi unafanya kazi, na kwamba nyumba ina kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita kwa herufi RCD. Kifaa hicho kingemkinga binti wa mzazi wetu. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa plagi zote. Mfundisheni mtoto kanuni hii kabla hamjamfundisha kulisha samaki.

Gharama ya kweli

Bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Zidisha wati kwa saa za matumizi, ugawanye kwa 1,000, nawe utapata uniti. Feni ya wati 5 ikiwaka saa 24 hula uniti 0.12 kwa siku, sawa na uniti 3.6 kwa siku 30. Kibamba cha wati 60 kwa muda huo huo hula uniti 43.2. Kipoza maji cha dukani cha wati 100, tuseme kinafanya kazi nusu ya siku, hula uniti 36, lakini chenyewe kwa kweli hupoza hadi kiwango ulichokiweka. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya umeme, ndipo uamue. Asiyeweza kuacha samaki wa dhahabu, na anayeishi pwani, pengine ataona kwamba kukusanya fedha za kifaa cha dukani ni busara kuliko kununua majaribio mawili yaliyoshindwa.

Unaponunua, na unapouza

Ukinunua adapta, pampu au kipoza maji, tazama kama volti, wati na jina la mtengenezaji vimeandikwa, na kama kuna alama ya ubora. Dai risiti na waranti ya maandishi. Ukimwagiza fundi, andikeni karatasi moja yenye mambo manne: kifaa kitafanya nini, kwa nyuzi ngapi, kwa bei gani, na fedha zitarudishwa lini kisipofanya. Fundi mwaminifu haogopi karatasi hiyo, kwani humlinda naye.

Nawe uliyefanikiwa kujitengenezea, jirani akikuomba umuuzie cha kwake, fahamu kwamba jambo limebadilika. Kifaa cha umeme kinachouzwa kwa umma hupaswa kutimiza viwango vya usalama, na anayekiuza hubeba dhamana. Fikeni kwetu mpate maelekezo kabla ya kuuza, si baada ya ajali.

Mnatuuliza yule mzazi aliishia wapi. Tuliwakutanisha yeye na fundi. Kwa kuwa hapakuwa na maandishi, kila mmoja alikumbuka ahadi tofauti, na walipatana arudishiwe nusu ya fedha. Friji halikutumika tena. Sebuleni kwake sasa kuna feni mbili ndogo, wavu, na kipimajoto ambacho binti ndiye anayekisoma na kuandika daftarini kila jioni. Samaki wa dhahabu waliosalia walipelekwa kwa ndugu anayeishi Lushoto, kwenye baridi, na tangi likahamiwa na gapi.

Sasa tunakaribisha maswali yenu.