Vifaa vya Kukwamulia Gari na Mahali pa Kuviweka
Mazungumzo kwa viongozi na madereva wa vyama vya msingi



Sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga hutegemea njia zipitazo katika mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa pana. Mvua inyeshapo hunywa maji, huvimba, hushika magurudumu na kuyazuia yasipate pa kukanyaga. Tangu siku za Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, magari ya ushirika yamepambana na udongo huo. Barabara kuu zimetiwa lami, lakini njia ya kufikia ghala la chama cha msingi mara nyingi bado ni ya udongo.

Msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, mvua zinapokwisha. Mbegu na dawa za kuulia wadudu, hata hivyo, hupelekwa vijijini wakati wa mvua zenyewe. Mbegu ikilala njiani, mkulima hupitwa na wakati wa kupanda, na hasara hiyo haifidiwi na mtu. Kwa hiyo kukwama kwa gari si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la chama.

Tufikirie pikapu iliyobeba magunia ya mbegu, ikazama hadi ekseli katika mbuga za Kishapu saa kumi na moja jioni. Sepeto liko chini ya magunia. Jeki iko nyuma ya kiti, lakini mpini wake umesahauliwa ghalani. Gurudumu la akiba limefungwa chini ya chasisi, yaani ndani ya tope lenyewe. Watu watatu wanashusha mbegu kwenye maji ili walifikie sepeto moja. Katika daftari la mali gari hilo lina vifaa vyote. Katika tope halina hata kimoja.

Kutokana na mfano huu, kanuni ya kwanza ni hii: kifaa kipakiwe pale mkono utakapokifikia gari likiwa limezama. Mlango wa nyuma si mahali pa kutegemea, kwa kuwa gari likikaa kwa matako yake mlango huo huenda usifunguke. Sepeto na mbao zifungwe ubavuni mwa bodi, au kwenye fremu iliyo nyuma ya kichwa cha gari. Gurudumu la akiba litolewe chini ya chasisi na kuwekwa ndani ya bodi kabla ya safari ya masika. Jeki iambatane na mpini wake, pamoja na ubao mnene wa kuikalisha, maana jeki isiyo na ubao huzama yenyewe badala ya kuinua gari.

Kanuni ya pili ni kufunga. Jeki ndefu ya mkono ina uzito unaozidi kilo 10. Dereva akifunga breki ghafula, au gari likipinduka, chuma hicho hugeuka silaha. Kila kifaa kizito kikae chini, karibu na kichwa cha gari, kikiwa kimefungwa sehemu mbili. Juu ya paa si mahali pa vyuma, kwa sababu gari lenye uzito juu huyumba na kupinduka upesi.

Kanuni ya tatu ni kutenganisha. Kamba ya kuvutia isisafiri pamoja na dawa za pamba, petroli wala maji ya betri. Tindikali hula nyuzi za kamba bila kuonekana, na dawa ikishika kamba hushika pia mikono ya wanaoivuta. Kamba ikitoka kwenye tope ioshwe, ikaushwe kivulini, kisha ikae katika mfuko wake.

Kuhusu kamba yapasa kuongezwa neno moja zito, kwani kamba ikatikapo huweza kuua. Pikapu iliyopakiwa huweza kufikia tani 3 kwa jumla, na tope huikamata kwa nguvu zaidi ya uzito huo. Kwa hiyo kamba iwe na uwezo wa tani 8 au zaidi. Isifungwe kamwe kwenye kichwa cha kuvutia trela, kwa maana hicho hukatika na kuruka kama risasi. Ifungwe kwenye ndoano iliyoshikamana na chasisi. Gunia zito lilazwe katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na watazamaji wote wasogee mbali kupita urefu wa kamba.

Yako pia mambo ya mahali. Nchi ya Shinyanga ilipoteza miti mingi, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, uliwasaidia wananchi kurudisha ngitili zao. Mbugani dereva huenda asipate mti wa kufungia winchi. Hapo huchimba shimo refu, akazika gurudumu la akiba na kulitumia kama nanga. Hii ni sababu nyingine ya kutolifungia chini ya gari. Na apatapo miti ndani ya ngitili asikate matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Ngitili ni mali ya watu, na akiba ya malisho yao wakati wa ukame. Mbao mbili alizobeba zinatosha kwa kazi hiyo.

Upande wa Geita, katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Rwamgasa na Nyarugusu, hatari ni mashimo yaliyoachwa, ambayo majani huyafunika. Kabla ya kuikwepa njia mbovu, au kurudi nyuma kwa ajili ya kuvuta gari jingine, utingo atangulie kwa miguu akipima ardhi kwa fimbo. Fimbo hiyo na tochi ni vifaa vya kukwamulia kama vilivyo vingine.

Hapana budi basi kila kamati ifanye mambo matatu kabla ya mvua. Kwanza, orodha ya vifaa iandikwe katika daftari, na dereva pamoja na mtunza ghala watie sahihi gari linapotoka na linaporudi. Pili, dereva na utingo wajaribu kuvitoa vyote gari likiwa limepakiwa. Kitakachowashinda kutoa uwanjani kitawashinda pia katika tope. Tatu, fedha za kununulia kamba mpya ziingizwe katika makisio ya chama, wala zisisubiri ajali.

Tahadhari kabla ya athari. Mkulima aliyetayarisha shamba lake anangoja mbegu, na chama chake kina wajibu wa kuifikisha.