Mgongo Usiopona Usikandwe Tu



Tuliombwa tuzungumze juu ya mradi wa kuku, lakini kuna jambo ambalo haliwezi kungoja. Mama mmoja katika kikundi tunachokitembelea aliumwa na mgongo kwa miezi 4. Kila mtu alisema ni jembe. Hata sisi tulimpa pole na vidonge vya maumivu, tukamwambia apumzike, na huku tulijua anaishi na virusi vya UKIMWI. Akakandwa, akapakwa mafuta. Asubuhi moja miguu ikakataa kusimama.

Kumbe ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Ndiyo, TB haikai kwenye mapafu peke yake. Viini huchukuliwa na damu mpaka kwenye mifupa ya mgongo, vikaila polepole. Mfupa ukibomoka, au usaha ukijaa, hubana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Mtu anaweza asikohoe hata kidogo, na makohozi yakipimwa yakaonekana safi. Mwenye virusi hushikwa kwa urahisi zaidi, maana kinga yake imepungua.

Uchovu wa jembe hupoa ukilala. Maumivu haya hayapoi, na usiku huzidi. Mkiona tena homa, jasho la usiku, kukonda, au kinundu mgongoni, msimwite mkandaji. Mpelekeni hospitali apigwe picha. Miguu ikilegea au mkojo ukimshinda, ni siku hiyo hiyo, amelazwa juu ya ubao ulionyooka, si kwa pikipiki.

Dawa za TB ni bure katika hospitali za serikali. Kwa TB ya mifupa, hapa Kenya humezwa miezi 12. Maumivu hupungua mapema, na hapo ndipo wengi huacha! ARV nazo haziachwi, ila daktari aonyeshwe dawa zote, kwa sababu kuna dawa ya TB inayopunguza nguvu ya baadhi ya ARV, na kipimo hubidi kibadilishwe.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, asipate vidonda. Gawaneni zamu, msimwachie binti yake mpaka akose shule. Mama yule sasa anatembea kwa mkongojo. Nauli ya kliniki ililipwa na kikundi, ingawa wawili walinung'unika sana.

Mwenye mgonjwa wa mgongo nyumbani atuone leo kabla hatujaondoka. Kuku tutazungumza wiki ijayo.