Mizabibu Inayohimili Baridi ya Minnesota

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kuna usiku ambao baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Mizabibu ya Ulaya hufa. Waliong'ang'ania kuipanda walilazimika kuilaza na kuifukia kwa udongo kabla ya theluji, kisha kuifukua. Ni kazi ya sulubu.

Dawa ilipatikana porini. Mzabibu mwitu wa kingo za mito huvumilia baridi hiyo, ingawa zabibu zake ni ndogo na chachu mno. Elmer Swenson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa jimboni Wisconsin, alianza kuuzalisha na aina nyingine mwaka 1943, na vipandikizi akawagawia wenzake kwa moyo mkunjufu. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kikatoa aina ya Frontenac mwaka 1996, na ya Marquette mwaka 2006.

Mwishoni mwa baridi, kabla ya kupogoa, mkulima wa aina hizi hukata baadhi ya macho ya matawi kwa wembe, aone kama yamenusurika. Ndani kukiwa kijani, jicho li hai. Kukiwa kahawia, limekufa. Akikuta mengi yamekufa, huacha matawi marefu zaidi anapopogoa.

Hata hivyo, kuhimili baridi hakutoshi. Marquette huchipua mapema, na jalidi moja ya Mei yaweza kuunguza machipukizi yote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo watafiti waelekeze nguvu sasa: kupata mzabibu unaochelewa kuamka. Utafiti huo huchukua miaka mingi, na mkulima mdogo hawezi kuugharamia peke yake.