TAARIFA KWA WANACHAMA: KURA ZA MTAANI KWETU
*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Yanatumwa hapa kwa ambao hawakuhudhuria.*



Kamati ya Tawi ililetewa hoja mbili. Ya kwanza, timu za nyumba kwa nyumba ziziruke nyumba za ndugu zetu waliotoka Pemba, kwa sababu "wale wanajulikana". Ya pili, daftari la tawi liongezwe safu ya asili ya kila kaya. Zote mbili tumezikataa. Waliozileta ni watu wanaojituma katika tawi hili, kwa hiyo wanastahiki kuelezwa sababu.

Hatukatai kilicho wazi. Mwaka 1995 CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na CCM ikachukua 26 kati ya 29 vya Unguja. Mwaka 2010 viti vyote 18 vya Pemba vilikwenda CUF tena. Mkondo upo. Lakini mkondo una sababu zake: karafuu nyingi zimo Pemba, mnunuzi ni shirika moja la Serikali, na mkulima akiingia kwenye kituo cha kura anaingia na bei ya kilo kichwani. Kuna barabara, kuna umeme, kuna na mambo ya kabla ya Mapinduzi ambayo wazee wanayasimulia majumbani mpaka leo. Sasa kijana aliyezaliwa hapa Ng'ambo, akasoma skuli hii hii ya mtaani na anaendesha bodaboda, bei ya karafuu inamhusu nini? Anatafuta mkopo na maji ya bomba, kama jirani yake ambaye babu yake katoka Makunduchi.

Sisi kazi yetu ni hesabu, kwa hiyo mtuvumilie kidogo. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. ASP ikafika viti 10, ZNP 9, ZPPP 3. ZPPP ikagawika, kambi zikawa sawa 11 kwa 11, na nchi ikarudi kwenye uchaguzi Juni. Julai 1963 ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Kura zake zilirundikana mahali pamoja. Anayejiita mwenye ngome aisome vizuri hesabu hiyo: kura elfu za ziada pale unaposhinda tayari hazikuongezei hata kiti kimoja.

Tazameni na urais wa Zanzibar. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif Sharif Hamad. Tofauti ni 1,565. Mwaka 2010 Dk. Shein alipata 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti 3,471, visiwa vizima! Gaweni idadi hiyo kwa majimbo 50 muone kila jimbo linapata ngapi, kisha mtuambie nyumba zipi ni za kurukwa.

Marudio ya 2016 hatuyatumii kama kipimo, kwa kuwa CUF ilisusia. Huwezi kufunga hesabu za soko kwa mwaka ambao mwenye duka mmoja hakufungua. Ya 2020 yana mabishano yake, tunayaacha. Kura ya maoni ya Julai 2010 tunaitumia: kiasi cha asilimia 66 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Waliokubali walitoka vyama vyote viwili, visiwa vyote viwili. Basi ule usemi wa "wale wanajulikana" uliishia wapi siku hiyo?

Kuhusu safu ya asili: haitaandikwa, na anayeiandika kwenye daftari lake binafsi asilete daftari hilo ofisini. Orodha ya namna hiyo ikitoka mikononi mwetu hatujui itasomwa na nani, wala itatumika kwa nini. Hapa watu wamezikana, wameoana, wanakopeshana mchele. Tena hata kihesabu haina maana: mke katoka Wete, mume katoka Donge, kaya hiyo mtaiweka safu gani?

Safu tunayoihitaji ni nyengine. Nani hana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, maana bila hicho haandikishwi kuwa mpiga kura. Nani kahama shehia na jina lake limebaki kule. Nani ameandikishwa lakini haendi kupiga kura, na anasema kwa nini. Hili la mwisho ndilo tunalolijua kidogo kuliko yote, na barazani halizungumzwi kwa sababu halina utani ndani yake.

Timu zitaanza Jumamosi baada ya sala ya laasiri, kutokea ofisi ya tawi. Kila timu iwe na mwanamke mmoja angalau, na nyumba zipigwe hodi kwa mfuatano bila kuruka. Mkikuta bendera ya chama chengine mlangoni, salimieni, ulizeni masuali matatu hayo, andikeni mlichojibiwa kama kilivyo. Mabishano hapana. Madaftari yarudi kwa Katibu Jumapili kabla ya magharibi, yakiwa na saini ya kiongozi wa timu.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati